Kiharusi hakipimwi kwa miguu

Video za namna hii zimejaa kwenye simu zetu. Mzee ameshikiliwa na vijana wawili, au mama amekamata ukingo wa kitanda, halafu mguu unainuka, unaburuzwa, unatua. Nyuma ya kamera mtu anapiga vigelegele: "Ametembea! Jamani, ametembea!" Chini yake ni msururu wa Amina na Haleluya. Sina ugomvi na furaha hiyo. Aliyeamka usiku kumgeuza mgonjwa ubavu ili asipate vidonda ana haki ya kushangilia hata hatua moja. Ugomvi wangu ni na hukumu inayofuata: kwamba kazi imekwisha, mgonjwa amepona, kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Nasema tunapima kupona kwa kiungo kisicho chenyewe. Kinachoamua kama mtu amerudi kuwa baba, mke, fundi au jirani, mara nyingi si mguu. Ni ulimi na hisia, na hapo ndipo familia, hospitali na sasa mjadala wetu wa bima ya afya vinapogeuza kisogo.

Tuyakiri kwanza yaliyofanyika vizuri. Zamani mtu akianguka ghafla mdomo ukaenda upande, neno la kwanza lilikuwa "upepo mbaya" na safari ya kwanza ilikuwa kwa mganga. Safari hiyo bado ipo, lakini leo hata mtoto wa sekondari atakwambia kwamba ni presha, kwamba mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka, na kwamba mgonjwa awahishwe. Mashine za CT-scan za kupiga picha ya ubongo, zilizokuwa za Muhimbili na hospitali chache kubwa, zimefungwa katika hospitali za rufaa za mikoa. Kila tarehe 29 Oktoba, Siku ya Kiharusi Duniani, tunakumbushwa dalili zilezile tatu: uso uliopinda, mkono uliolegea, usemi uliovurugika. Na haja ipo. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa 2010, ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi takriban 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 wilayani Hai, na takriban 316 katika maeneo ya Dar es Salaam yaliyochunguzwa, baada ya kusawazisha umri. Lakini ziangalie tena zile dalili tatu. Usemi umo. Tunaufundisha umma uusikilize kama kengele ya hatari, kisha hatari ikipita hakuna anayeuliza usemi ulirudi au ulipotelea wapi.

Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa. Ndiyo maana anayepooza upande wa kulia mara nyingi hupoteza vitu viwili kwa mpigo: mkono wa kuandikia na maneno ya kuandika. Kuvurugika huko kwa lugha kunaitwa afasia, na huwapata karibu theluthi ya wanaopigwa na kiharusi. Si kigugumizi, wala si ule uzito wa ulimi unaotokana na misuli kulegea, ingawa mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili. Wazo lipo, neno halifikiki. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa wa hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, ambaye kila alichoulizwa alijibu "tan, tan". Alielewa mengi aliyoambiwa, na akikasirika aliweza kutoa apizo zima bila kukwama. Miaka 13 baadaye Mjerumani Carl Wernicke akaeleza sura nyingine: mgonjwa anayemwaga maneno kwa kasi na lafudhi ya kawaida, ila hayana kichwa wala miguu, na mwenyewe hatambui kwamba haeleweki. Kwetu huyu wa pili ndiye mwenye bahati mbaya zaidi. Anatembea, mikono yote inafanya kazi, na anaongea. Nani atamwita mgonjwa wa kiharusi? Ataambiwa amepagawa.

Hilo apizo la mgonjwa wa Broca ndilo ufunguo wa mengi tunayoyakosea. Maneno tuliyoyarudia maelfu ya mara hayatungwi upya kila tunapoyasema. Yanatoka yakiwa kifurushi. Salamu, kuhesabu, siku za juma, sala, nyimbo, matusi: haya yanaweza kubaki hata pale ambapo mtu hawezi kuomba maji. Na sisi ni watu wa salamu. Mjomba wangu, Msambaa wa Lushoto aliyezeekea Dar es Salaam, miezi minne baada ya kiharusi alikuwa anakaa barazani jioni. Jirani akipita, "Shikamoo mzee," anajibu bila kusita, "Marahaba, hujambo, nyumbani hawajambo?" Jirani anaondoka ameridhika: mzee yuko vizuri kabisa. Dakika hiyohiyo shangazi anamuuliza kama anataka chai au uji, naye anajibu "kesho", anajisikia amekosea, anajaribu tena, linatoka "kesho" lilelile, anapiga mkono wa kiti. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisani ubeti kwa ubeti. Sasa niambie, ndugu wanaomwona mtu huyu wafikirie nini? Walifikiri ambacho wengi wangefikiri: akitaka anaongea, asipotaka anatufanyia makusudi. Kumbe "marahaba" na "nataka uji" havipiti njia moja kichwani. Wataalamu wa Boston walilitumia jambo hili tangu 1973, wakatengeneza tiba inayoanza kwa kuimba kisentensi kifupi huku mkono ukigonga mapigo, kisha sauti ya wimbo inapunguzwa hatua kwa hatua. Sisi tulio na kwaya na kaswida kila mtaa tungeweza kuielewa mbinu hiyo upesi kuliko wao.

Lugha yenyewe nayo ina mitego yake. Kiswahili kinabeba habari nyingi ndani ya kitenzi: nani, lini, kwa nani. "Nitakuletea" ni sentensi nzima. Mtu ambaye afasia imempukutishia viambishi akibaki na mzizi mtupu, kinachotoka ni "leta". "Ningeomba mtoke kidogo" inabaki "toka". Wenye lugha nyingine wangesikia maneno machache. Sisi tunasikia amri, tena isiyo na adabu, kutoka kwa mtu ambaye jana alisema "naomba" kwa mjukuu. Nusu ya malalamiko kwamba mgonjwa "amekuwa mkali" nadhani inaanzia hapa. Kisha kuna suala la lugha ya utotoni. Tangu karne ya 19 wataalamu wanabishana kwa watu wa lugha mbili ipi hurudi kwanza: Ribot alisema ile ya kwanza kujifunza, Pitres akasema ile iliyotumika zaidi kabla ya ugonjwa. Wagonjwa wengi, kwa kweli, hurudishiwa zote kwa mwendo unaolingana, lakini si wote. Mjomba alikuwa akitoa maneno ambayo wanawe waliozaliwa Temeke waliyaita "kubwabwaja". Alipokuja dada yake kutoka Lushoto tukaambiwa ni Kisambaa, na sehemu yake kilikuwa na maana.

Hisia ndiyo sehemu tunayoisoma vibaya kuliko zote. Kuna mambo matatu tofauti ambayo nyumbani yanaitwa kwa jina moja, "hasira za ugonjwa". La kwanza ni kilio au kicheko kinachochomoka bila kulingana na moyo wa mtu: anasikia jina la mtoto wake, anaangua kilio, au yuko msibani, kicheko kinamtoka na hawezi kukizuia. Katika miezi ya mwanzo hali hii huwapata takriban mmoja kati ya watano. Breki ya ubongo imeumia. Huchukua sekunde au dakika chache, na mara nyingi kinachosaidia ni kubadili mazungumzo kwa utulivu na kuendelea kama kawaida. Kumkumbatia wote na kuuliza "una nini, una nini?" kunaongeza moto. La pili ni sonona, inayowapata karibu theluthi: usingizi unapotea, chakula hakina ladha, anakataa mazoezi, anatamka au kuashiria kwamba bora angekufa. La tatu ni ubaridi wa kutojali, ambapo mtu hana huzuni wala furaha, anakaa tu. Kila moja lina njia yake ya kusaidiwa, na dawa za sonona zinasaidia mawili ya kwanza. Niseme pia, kwa kuwa kuna wanaoamini dawa hizo zinarudisha nguvu ya mkono: utafiti mdogo wa 2011 ulitoa matumaini hayo, lakini uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2018 kuhusu fluoxetine, mojawapo ya dawa hizo, haukuyathibitisha, na ulionyesha mifupa ya watumiaji ikivunjika zaidi. Dawa itolewe kwa sonona iliyothibitishwa na daktari, isitolewe kama kichocheo cha viungo.

Juu ya yaliyo kichwani kuna yanayoletwa na maisha. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, ndio wa kupokea na kutoa salamu. Mjomba aliacha kula na wageni. Sahani ikija sebuleni, anainuka na fimbo yake, anakwenda chumbani, anakula kwa mkono wa kushoto mlango umefungwa. Watu wakasema ana kiburi.

Anayedhani haya ni mambo ya nyumba maskini amtazame John Fetterman wa Pennsylvania, Marekani. Alipata kiharusi Mei 2022 akiwa katikati ya kampeni ya useneta. Alisimama jukwaani imara, ni mtu mrefu wa kutisha, miguu haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kuchakata maneno anayoyasikia, hivyo kwenye mdahalo wa Oktoba alisoma maswali kwenye skrini, na majibu yake yalikwamakwama. Wapo waliohitimisha palepale kwamba akili imekwenda. Alishinda. Februari 2023, wiki chache baada ya kuapishwa, alilazwa hospitali ya Walter Reed kwa sonona, akatoka mwisho wa Machi. Mtu mwenye madaktari bora duniani na anayetembea wima alikuwa ameangushwa na vitu vilevile viwili ninavyovizungumzia.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi kwenye vikao vya familia, ni kwamba kiharusi "kimemfichua": ukali, matusi na machozi ndiyo tabia yake halisi, alikuwa ameificha miaka yote. Hoja hii inapendeza kwa sababu inampa kila aliyewahi kukorofishwa na mgonjwa nafasi ya kulipiza bila kuonekana. Lakini haisimami. Ingekuwa tabia inafichuliwa, basi kilio kisingemtoka mtu kwa tangazo la sabuni na kunyamaza kabla tangazo halijaisha. Tusi linabaki kwa sababu ni kifurushi, kama "marahaba" inavyobaki. Anayeita tusi hilo "ukweli wa moyo" inabidi aiite na salamu vivyo hivyo. Na anayedhani akili imeondoka na maneno angekuja kumwona mjomba kwenye bao. Hawezi kutaja jina la kete. Kwa mkono wa kushoto anachota, anasambaza, anajua kabla hajaanza zitaishia shimo gani, na vijana wanaomwita "amechanganyikiwa" wanafungwa mtaji wa kwanza. Hesabu ipo, mkakati upo, hata dhihaka ipo usoni mwake. Lugha ndiyo iliyoumia.

Hoja nzito ni nyingine, na sipendi inavyopuuzwa na watetezi wa upande wangu. Inasema hivi: nchi isiyo na vitanda vya kutosha vya kiharusi, ambako wagonjwa wengi wanafika wamechelewa, ikijishughulisha na usemi na huzuni inaweka pazia kwenye nyumba isiyo na paa. Kwanza mtu aishi, kisha asimame, mengine baadaye. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno. Makerere imekuwa ikifundisha fani hiyo, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, nacho kimeanza, lakini miaka mingi itapita kabla kila mkoa haujapata hata mmoja. Nakubali mpangilio wa dharura: chumba cha mapokezi si mahali pa kufundisha kuimba sentensi. Nisichokubali ni dhana kwamba miguu na ulimi vinashindania shilingi ileile. Mwenye sonona hafanyi mazoezi. Asiyeelewa maagizo ya fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anayarudia vibaya au hayarudii. Asiyeweza kusema kwamba dawa ya presha inamletea kizunguzungu anaiacha kimyakimya, na presha iliyoachwa ndiyo njia ya kiharusi cha pili. Zaidi ya hapo, kipimo chenyewe kimetudanganya. Ngazi za Rankin, zinazotumiwa duniani kote kueleza matokeo ya kiharusi, zilitokana na kazi ya daktari wa Glasgow mwaka 1957, na kinachotenganisha ngazi ya 3 na ya 4 ni kama mtu anatembea bila msaada. Hakuna ngazi inayouliza kama anaweza kumwita mkewe kwa jina. Kisichopimwa hakionekani kwenye ripoti, na kisichoonekana kwenye ripoti hakipati bajeti.

Na tiba yenyewe inafanya kazi. Mapitio ya mwaka 2016 yaliyokusanya majaribio 57 yenye washiriki 3,002 yalionyesha kwamba tiba ya usemi inaboresha mawasiliano ya kila siku kuliko kukosa tiba. Ile imani kwamba baada ya miezi sita mlango umefungwa nayo ilipata pigo mwaka 2017, pale Wajerumani walipochukua watu 156 waliokuwa na afasia kwa zaidi ya nusu mwaka, wakawapa wiki tatu za mafunzo ya nguvu, saa kumi au zaidi kwa wiki, na mawasiliano yao yakaimarika. Kinachohitajika hapo ni saa za binadamu. Hakuna mashine ya kuagiza Ulaya.

Hapo ndipo inapokuja hoja ya tatu, ninayoipenda na kuiogopa: sisi tuna familia, familia ndiyo tiba. Wazungu wanakaa wenyewe, wetu wamezungukwa na watu kutwa. Ni kweli kuna utajiri hapa. Lakini kuzungukwa na watu si kuzungumzishwa. Kaa siku nzima katika nyumba yenye mgonjwa wa afasia uhesabu ni mara ngapi anaulizwa kitu na mwingine anajibu kwa niaba yake kabla hajafungua mdomo. Mapenzi yenyewe yanamnyamazisha. Tena India walilijaribu wazo la familia kuwa mtabibu: utafiti wa wagonjwa 1,250 uliochapishwa 2017 uliwafundisha jamaa kuendesha mazoezi nyumbani, na baada ya miezi sita haukukuta tofauti katika vifo wala utegemezi. Anayetaka kumtwika mama wa nyumba kazi ya hospitali ili kuokoa fedha alisome tokeo hilo taratibu. Lakini matokeo mengine yanatuonyesha nini familia inaweza. Aura Kagan na wenzake, Toronto, mwaka 2001 hawakuwafundisha wagonjwa kitu. Waliwafundisha watu wa kujitolea namna ya kuzungumza na mwenye afasia: punguza kelele, sema jambo moja kwa mara moja, andika neno kuu kwa herufi kubwa, chora, onyesha, subiri, kisha hakikisha umeelewa. Wagonjwa waliozungumza na hao waliofunzwa walionekana kuwasiliana vizuri zaidi, ilhali ubongo wao ulikuwa uleule. Familia si fizio wala daktari wa sonona. Inaweza kuwa mzungumzaji mzuri, na hilo linafundishika kwa mchana mmoja.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni Novemba 2023, na mjadala wa kitita cha mafao unaosikika sana ni wa vipimo, upasuaji na usafishaji wa figo. Mwenye kiharusi anahitaji humo mambo yasiyo na mng'aro: saa za tiba ya usemi zinazoendelea baada ya kutoka wodini, na uchunguzi wa sonona katika kila ziara ya kliniki ya presha. Uchunguzi huo usiwe wa maswali ya mdomo peke yake, maana anayeshindwa kusema hatasema ana huzuni. Ipo hojaji iliyotungwa Nottingham, Uingereza, 1998, inayojazwa na mtu wa karibu kwa kueleza anachokiona. Mpango wa kuwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000, uliozinduliwa Januari 2024, ndio wenye miguu ya kufika barazani kwa mjomba, na mbinu za Toronto zinawatosha watu hao kabisa. Hii ni kazi ya karatasi, kalamu ya wino mzito na subira, ingawa nakiri subira haijawahi kuwekwa kwenye kitita cha bima yoyote.

Liko pia jambo la sheria ambalo hatulijadili. Mwenye afasia mara nyingi huchanganya "ndiyo" na "hapana", anatamka hiki akimaanisha kile, na hata kichwa kinaweza kutikisika kinyume. Wakati huohuo ndiye anayeletewa fomu za benki, mirathi, hati ya kiwanja, na dole gumba lake linakubalika popote. Anasahau namba yake ya siri ya simu, mtu "anamsaidia". Mwanasheria au mwenyekiti wa mtaa anayeshuhudia saini angepaswa kuuliza swali mara mbili, kwa njia mbili, moja ya maneno na moja ya picha au maandishi, na kulipindua swali mara ya pili.

Mwaka jana ukoo ulikaa kuamua shamba la Lushoto liuzwe au libaki. Mjomba aliulizwa mbele ya wote, akasema "ndiyo, ndiyo", kikao kikafungwa kwa sala. Siku mbili baadaye, tukiwa tumemaliza bao, binti yake alichora kwenye daftari mashamba mawili: moja lina mtu anayehesabu noti, jingine lina migomba na yeye mwenyewe na fimbo yake. Akampa kalamu. Mjomba alichukua muda mrefu, akazungushia duara lile la migomba, halafu akaligonga kwa kidole mara tatu, asije mtu akadhani amekosea. Mnunuzi alikuwa ameshatoa malipo ya awali.